Kanopy, rafu ya DVD na ukumbi wa maktaba: huduma ya filamu vyuoni imekaaje?

Kadi ya chuo inayokufungulia mlango wa maktaba ndiyo hiyo hiyo inayokufungulia Kanopy, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, na wanafunzi wengi wa kwetu walioko Marekani, Kanada na Australia humaliza shahada bila kulijua hilo. Wanalipia Netflix kila mwezi, huku maktaba yao imeshalipia filamu ambazo Netflix haina hata mpango nazo. Hapa tunaipima huduma hiyo pamoja na vitu viwili vinavyokwenda nayo kwenye maktaba nyingi za vyuo vikuu: rafu ya diski na ukumbi wa maonyesho.

Hukumu kwanza, ili asiye na muda aendelee na shughuli zake. Kwa mpenzi wa filamu za makala, sinema za zamani na sinema za nje ya Hollywood, Kanopy inazishinda huduma nyingi za kulipia. Anayetaka filamu kubwa ya mwezi uliopita atatoka mikono mitupu. Na anayetaka filamu za Kiswahili atapata chache, tena kwa kuzitafuta kwa ujanja.

Kanopy ilianzia Perth, Australia, mwaka 2008, ikiviuzia vyuo DVD kabla ya kuhamia mtandaoni. Tangu 2021 iko mikononi mwa OverDrive, kampuni ya Marekani yenye Libby, ile programu ya kuazima vitabu vya kielektroniki. Katalogi yake ina filamu zaidi ya 30,000. Mtazamaji halipi chochote na hakuna matangazo ya biashara. Anayelipa ni maktaba. Karibu kila jambo la ajabu utakalokutana nalo humo linatokana na hilo la mwisho.

Chukua lalamiko linalosikika kuliko yote: filamu inaonekana kwenye orodha, unaibofya, na badala ya kuanza inakuletea fomu ya maombi. Mfumo haujaharibika. Zamani maktaba nyingi ziliacha katalogi nzima wazi. Filamu ikishatazamwa mara chache zilizokubaliwa, leseni yake ilijinunua yenyewe na ankara ikatumwa maktaba. Bei iliyotajwa hadharani miaka ya 2018 na 2019 ilikuwa kama dola 150 kwa filamu moja kwa mwaka mmoja, na sekunde 30 tu zilitosha kuhesabiwa kuwa mtu ametazama. Piga hesabu mwenyewe: filamu 200 zikivuka kiwango, dola 30,000 zimekwenda, na nyingine pengine zilifunguliwa na watu waliokuwa wanachungulia tu. Bajeti zikapasuka. Maktaba za umma za New York, Brooklyn na Queens, ambazo zenyewe zilikuwa zinalipa kwa kila mara filamu ilipotazamwa, zilijitoa kabisa kuanzia Julai 2019. Vyuo vingi havikujitoa. Vilichofanya ni kufunga bomba na kuweka mkutubi pale kwenye koki, ndiyo hiyo fomu.

Fomu hiyo ina namna yake ya kujazwa. Ukiandika kwamba unataka kutazama, unakwenda mwisho wa foleni. Andika jina na namba ya somo, jina la mhadhiri, idadi ya wanafunzi, tarehe filamu itakapohitajika, na kama ni ya lazima au ya ziada. Itume wiki mbili kabla, kwa sababu mkutubi huangalia kwanza kama filamu hiyo ipo kwenye mkataba mwingine wa chuo, hasa Academic Video Online, mkusanyo wa video za masomo wa kampuni ya Alexander Street, au kama DVD yake imeshakaa rafuni. Ikipatikana huko utapewa kiungo hicho na Kanopy haitanunuliwa. Kwa mhadhiri au msaidizi wake hiyo si hasara, maana Alexander Street inakuruhusu kukata kipande cha dakika unazotaka na kuweka kiungo cha kipande hicho kwenye ukurasa wa somo, badala ya kuwaambia darasa zima wasogeze hadi dakika ya 41.

Jambo jingine linalowachoma wahadhiri ni leseni kuisha muda. Filamu iliyonunuliwa Oktoba kwa mwaka mmoja inafungwa Oktoba inayofuata, pengine katikati ya muhula, na kiungo kwenye ukurasa wa somo kinabaki vile vile bila dalili yoyote. Wanafunzi wanakibofya usiku wa kuamkia mtihani wanaikuta fomu. Kama somo linarudiwa kila mwaka, mwombe mkutubi leseni ya miaka mitatu, na wiki ya kwanza ya muhula bofya kila kiungo na uache filamu icheze. Kuona picha ya jalada si uthibitisho. Majalada hubaki hata leseni ikishakufa.

Kuingia ndiko kunakokwamisha wageni. Anza kwenye ukurasa wa maktaba ya chuo chako, si kwenye tovuti kuu ya Kanopy. Kiungo cha maktaba hupitia lango la utambulisho la chuo, unaweka jina na nywila zako za chuo, na Kanopy inajua wewe ni wa wapi. Ukiingilia mlango wa mbele utaulizwa uchague maktaba, na hapo watu huchagua maktaba ya umma ya mji wenye jina sawa na chuo, kisha wanashangaa kadi inakataliwa. Ukishaingia, fungua akaunti binafsi kwa barua pepe na uithibitishe, kwa maana bila hiyo programu ya simu na ya televisheni hazitakutambua.

Mwenye kadi ya chuo na ya maktaba ya umma anaweza kuziweka zote mbili kwenye akaunti moja, na tunashauri afanye hivyo. Ila aangalie ipi imewashwa. Maktaba ya umma hutoa idadi maalumu ya tiketi kwa mwezi na kila filamu inakula tiketi zake. Upande wa chuo hauna tiketi. Kuna watu wanamaliza tiketi zote tarehe tano ya mwezi kwa filamu ambazo chuo chao kilikuwa kimeshazilipia.

Picha ni safi na wasiosikia wamefikiriwa, kwa sababu filamu nyingi zina maandishi ya chini. Kasoro iko kwenye kupakua: hakuna. Kila kitu kinatazamwa ukiwa hewani, na filamu ya saa mbili kwa ubora wa juu itakula GB kadhaa, kwa hiyo kutegemea kifurushi cha simu ni kujitafutia maumivu. Mwanafunzi anayekwenda likizo Mombasa au Mwanza ajue pia kwamba haki za filamu zinauzwa kwa nchi, na baadhi zitakataa kufunguka akiwa huku hata kama nywila ni sahihi.

Sasa Kiswahili. Kuchuja kwa lugha hakutoshi, kwa sababu filamu yenye Kiswahili, Kiingereza na Kikikuyu ndani yake mara nyingi imesajiliwa kwa lugha moja tu, na lugha hiyo si yetu. Tafuta kwa nchi, kisha kwa jina la mwongozaji, kisha kwa jina la kimataifa la filamu. Hili la tatu husahaulika. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji inasambazwa nje kwa jina la Tug of War, na Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 utaikuta kama The Marriage of Mariamu. Ukiandika jina la Kiswahili peke yake, mashine inaweza kukujibu kuwa hakuna kitu, kumbe kipo. Kwenye katalogi ya maktaba yenyewe, weka kichujio cha aina ya kitu kuwa video na lugha kuwa Swahili. Rekodi za maktaba hutumia alama ya swa kwa lugha yetu, na mkutubi anaweza kutafuta moja kwa moja kwa alama hiyo.

Maandishi ya chini yana mambo yake pia. Kwenye filamu nyingi za Afrika Mashariki tafsiri ya Kiingereza imechomewa kwenye picha na haizimiki, jambo linalomkera mwalimu wa Kiswahili anayetaka wanafunzi wasikie kwanza. Kwenye filamu za makala za Kimarekani ni kinyume: bibi wa watu anaporomosha tusi la nguoni kwa Kiswahili kilichonyooka, na maandishi yanasema tu kwamba anazungumza lugha ya kigeni. Na filamu zilizotafsiriwa kwa sauti na wale wakalimani wa vibanda umiza, wanaosimulia juu ya filamu ya Kihindi au ya Kichina, usitegemee kuzikuta kwenye huduma hizi. Hazikuwa na leseni, na hakuna msambazaji wa kumuuzia mtu.

Rafu ya DVD ndiyo sehemu inayodharauliwa bila sababu. Sheria ya Marekani inairuhusu maktaba kuazimisha nakala halali iliyoinunua bila kumwomba mtu ruhusa. Diski haina tarehe ya kuisha, haiondolewi na msambazaji na haihitaji mtandao. Filamu iliyofungwa Kanopy inaweza kuwa imekaa rafuni miaka 15, na mara nyingi ina mahojiano na nyongeza ambazo toleo la mtandaoni halina. Diski zilizotengwa kwa ajili ya somo huazimwa kwa saa chache tu, basi usiifuate jioni ukitarajia kulala nayo. Na kuagiza DVD kutoka chuo kingine si uhakika, maana maktaba nyingi hukataa kusafirisha diski.

Tatizo kubwa la diski ni kanda, yaani namba ya eneo la dunia iliyofungiwa kwenye diski ili ichezwe kwenye mashine za eneo hilo tu. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya, Misri na Afrika Kusini ni ya 2. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika ziko kanda ya 5. Diski ya kanda ya 5 kwenye mashine ya kawaida ya Marekani haitasoma, na si kwa sababu imechubuka. Ukiiweka kwenye kompyuta itakuuliza kama unataka kubadili kanda. Kabla hujakubali, kumbuka kisoma diski cha kompyuta kinaruhusu mabadiliko matano tu, la tano linajifunga moja kwa moja. Usifanye mchezo huo kwenye kompyuta ya chuo. Uliza kaunta kama wana mashine ya kanda zote, kwani maktaba zenye mikusanyo ya lugha za kigeni aghalabu huwa nayo. Blu-ray zina mgawanyo mwingine: Amerika ni A, Afrika na Ulaya ni B. Na kisoma DVD cha kawaida hakisomi Blu-ray hata ukiisafisha mara kumi.

Hata kanda ikikubali, kuna mfumo wa picha. Diski za kwetu ni za PAL, picha 25 kwa sekunde. Za Marekani ni NTSC. Kompyuta haijali, lakini mashine ya Kimarekani iliyounganishwa na televisheni hujali, na dalili yake ni picha inayoruka au isiyo na rangi. Filamu ya sinema iliyopigwa kwa picha 24 ikihamishiwa PAL hukimbia kwa asilimia 4, kwa hiyo ya dakika 100 inaisha kwenye dakika ya 96 na sauti inapanda kidogo. Anayeandika tasnifu na kunukuu dakika na sekunde aseme ametumia nakala ipi, la sivyo msomaji wake atatafuta tukio asilione.

Filamu za Bongo na za River Road ya Nairobi zilizotoka kwenye VCD, zile diski za video za kabla ya DVD kuenea, ni habari njema upande mmoja: VCD haina kanda. Upande mwingine, diski moja inabeba dakika 74 hadi 80 tu, kwa hiyo hakikisha bahasha ina diski zote. Sehemu ya pili ndiyo hupotea. Kompyuta ikikataa kuicheza, fungua diski, ingia kwenye folda ya MPEGAV, kisha fungua faili lenye mwisho wa DAT kwa programu ya VLC. Diski chafu ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Kufuta kwa kuzungusha kunaacha michubuko inayofuata njia ya data, na hiyo mashine hushindwa kuirekebisha. Kuhusu kanda za VHS, kiwanda cha mwisho kilichojulikana cha mashine zake, Funai cha Japani, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Kama somo lako linategemea kanda ya VHS isiyopatikana kwa njia nyingine, mwambie mkutubi mapema: sheria inaiwezesha maktaba kutengeneza nakala mbadala ya kitu kinachoharibika kama hakuna mpya sokoni kwa bei ya haki, ingawa nakala hiyo ya kidijitali itatazamwa ndani ya jengo tu.

Tukija kwenye maonyesho, ndipo vyama vya wanafunzi hukwama. Mhadhiri wa chuo kisicho cha faida Marekani anaweza kuonyesha filamu nzima darasani, kwenye kipindi, kwa nakala halali, bila leseni. Ruhusa hiyo haivuki kizingiti cha darasa. Chama cha wanafunzi wa Kenya au Tanzania kikiweka bango la usiku wa sinema ukumbini, hilo ni onyesho la hadharani, na kutouza tiketi hakubadili kitu. Wala kuhamishia DVD nzima mtandaoni kwa ajili ya darasa si jambo lililotulia. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilishtakiwa kwa hilo mwaka 2010, na kesi ikatupwa bila mahakama kusema waziwazi kwamba ni halali.

Hapa Kanopy inajipatia alama zake nzuri kabisa. Filamu nyingi humo zina haki ya kuonyeshwa kwa kundi, na ukurasa wa filamu huonyesha alama ya PPR. Ikiwepo, na onyesho likiwa la bure, chama kinaweza kuionyesha bila kulipa ziada. Isipokuwepo, tafuta mwenye haki. Filamu za studio kubwa za Marekani mara nyingi hupitia Swank, kampuni inayouza leseni za maonyesho, na onyesho moja hugharimu mamia ya dola. Baadhi ya filamu za makala za Netflix zinaruhusiwa kwa onyesho la kielimu la mara moja, lakini soma ukurasa wa filamu husika kwanza. Filamu isiyo na kibali hicho hairuhusiwi, hata kama akaunti ni ya kwako na umeilipia. Kwa filamu za Afrika Mashariki, mwandikie mwongozaji au mtayarishaji mwenyewe. Wengi bado wanashika haki zao, na wanajibu. Omba barua ya ruhusa ya onyesho moja yenye tarehe na jina la ukumbi, na uulize bei bila aibu.

Akikubali, omba faili la MP4 la 1080 pamoja na maandishi ya chini kwenye faili tofauti la SRT, uweze kuyawasha na kuyazima. Akikutumia DCP, ile ya majumba ya sinema, uliza kama imefungwa. Iliyofungwa hufunguliwa kwa ufunguo uliotengenezwa kwa ajili ya mashine moja na kwa saa maalumu. Ukituma namba ya mashine isiyo sahihi, au onyesho likachelewa kupita muda wa ufunguo, filamu haifunguki na hakuna fundi wa kukusaidia. Pata ufunguo siku kadhaa kabla na uujaribu ukiwa ndani ya muda wake.

Kwa onyesho la Kanopy, kosa la ukumbini ni skrini nyeusi yenye sauti. Sababu ni ulinzi wa nakala: laptop inataka uthibitisho kutoka kwa kila kifaa kwenye mnyororo, na kigawanyaji cha zamani au kebo ya VGA haiwezi kuutoa. Tumia HDMI moja kwa moja hadi kwenye projekta. Kuirusha filamu kwa Zoom kwa wenzako walio mbali pia huzaa mraba mweusi kwa sababu hiyo hiyo, na leseni yenyewe kwa kawaida hairuhusu. Watumie kiungo kila mtu afungue kwake. Tumia waya wa mtandao badala ya Wi-Fi, kwani ukumbi ukijaa simu, Wi-Fi hulemewa. Zima usingizi wa laptop na arifa za WhatsApp. Jaribu sauti kwa tukio la watu wanaonong'ona, si kwa muziki wa mwanzo, na kaa kiti cha nyuma kabisa uone kama maandishi ya chini yanasomeka juu ya vichwa vya walio mbele.

Kwa wenzetu wa vyuo vya nyumbani: msamaha wa darasani ulioelezwa hapo juu ni wa sheria ya Marekani, usiubebe kwenye begi. Kenya, onyesho la hadharani linahusu pia KFCB, bodi ya kuainisha filamu, na Tanzania kuna Bodi ya Filamu. Barua ya mwenye filamu haichukui nafasi ya kibali chao.

Mwenye kuhitimu akumbuke kwamba mlango wa chuo hufungwa, pengine wiki chache baada ya mahafali. Chukua kadi ya maktaba ya umma ya unapoishi. Mara nyingi wanataka kitambulisho na uthibitisho wa anuani tu. Kama maktaba hiyo ina Kanopy, iongeze kwenye akaunti yako, na ubadilishe barua pepe ya akaunti iwe ya binafsi wakati ile ya chuo bado inapokea ujumbe wa kuthibitisha.